Kijito Kilichozibwa Nyuma Yao

Hadidja alikuwa ameshika kigingi cha mwanzi, Tonton Jérémie, mzee aliyemwita hivyo kama mjomba, akikigonga kwa nyundo ya mti, mvua ilipowakuta. Ilikuwa Februari, wakati kijito kile kinachoingia mto Lindi hupungua hadi mtumbwi unakwaruza mchanga. Hakuna aliyeitegemea mvua.

"Gonga, Tonton! Tumalize upande huu."

"Mutoto ya mujini Kabondo, uko na kichwa nguvu! Angalia maji kwanza."

Maji yalikuwa yamegeuka mekundu. Mtu fulani alifyeka ukingo ule wote ili alime mpunga, na tangu hapo kila mvua ilimeza kipande cha ardhi. Hadidja, aliyejifunza miti kwa kuiotesha mwenyewe nyuma ya nyumba yao, alitaka vigingi viushike udongo mpaka miche yake ipate mizizi. Kabla hawajapiga kingine, ukingo ulikatika. Uliondoka na vigingi, miche, na mti mdogo waliofungia mtumbwi, na mtumbwi wenyewe ukaenda nao. Jérémie aliangukia panga lake mwenyewe. Alipoinuka, mguu wake wa kushoto ulikuwa umechanika chini ya goti.

Hadidja alirarua kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akaufunga mguu na kukaza. Damu ikapenya.

"Bon," Jérémie alisema kwa meno yaliyoumana. "Dispensaire ya kutibia watu iko ng'ambo ya Lindi. Tufuate maji. Maji yote inaenda Lindi."

Wakafuata maji, Jérémie akimwegemea begani. Povu na majani makavu vilitangulia, nao wakavifuata kati ya miti, kwanza maji yakiwa magotini, halafu kiunoni. Miiba iliwachana. Walikuwa na kiu, na Hadidja aliona hasira ya kuzungukwa na maji yasiyonyweka. Akakinga mvua kwa jani pana, akamnywesha Jérémie kwanza.

Halafu povu likasimama. Likazunguka polepole mahali pamoja, kama linawacheka.

"Lindi yako iko wapi, Tonton?"

"Usiniulize mie! Uliza maji!" Alikuwa anatetemeka, midomo imepauka. "Maji haiwezi kupotea njia."

Hadidja aliyatazama yale majani. Maji hayawezi, kweli, isipokuwa mtu ameyafungia. Ndipo alipokumbuka asubuhi, walipopita kwa mtumbwi kwenye kona ya kijito wakawasalimu wanawake waliosimama na majembe na vikapu.

"Tonton, bamama ya asubuhi walikuwa wanafanya nini na jembe?"

Jérémie alifumba macho. "Angèle! Bibi yangu, mama ya watoto, alikuwa nao! Walingoja tupite, wakaziba kijito nyuma yetu. Wanakausha maji wakamate samaki." Akaanza kucheka na kutukana kwa pamoja. "Na nikamuambia kazi njema!"

Basi maji yaliyozuiwa yalikuwa yamepasua njia kando, yakawaleta huku kinamasini. Hadidja akageuka, akaupa mkondo kifua. Alitafuta ile miti ambayo mizizi yake husimama nje kama miguu, kwa kuwa huota penye ukingo halisi wa kijito. Akashika mzizi wa kwanza. Chini yake ardhi ilikuwa ngumu. Akaona wa pili, akamvuta Jérémie, wakaenda mzizi kwa mzizi kuelekea ile kona. Huku hakuna aliyefyeka, na ukingo haukuwa umesogea hata kidogo. Laiti angekuwa na nguvu, angelia kwa uchungu wa vigingi vyake.

Walisikia kelele kabla ya kuona watu. Wanawake walikuwa wanabandika tope juu ya boma lao la kuzuia maji, wakigombana na mafuriko.

"Jérémie! Mutumbwi iko wapi?" Angèle alipiga kelele. Halafu akaona kikwembe chekundu, akatupa kikapu.

Walimlaza katika mtumbwi wao, uliofungwa upande wa chini. Hadidja hakupanda. Alichukua jembe, akaanza kulipasua boma.

"Acha!" Angèle alimshika. "Samaki yetu iko ndani."

"Mama Angèle, maji haya yote yanarudi kula ukingo!"

"Mi minaona. Lakini leo ni mguu ya baba ya watoto. Uko na jembe moja, na jua inaenda. Panda."

Jérémie aliinua kichwa. "Angèle, ungenizika kwa sababu ya kambale."

"Nyamaza, utamaliza damu."

Hadidja alilichomeka jembe juu ya boma, maji yakipita pande zake zote mbili, akaingia mtumbwini na kushika kafi.

"Kesho tutafungua pamoja," alisema. "Halafu unionyeshe kila fasi munaziba maji, kabla sijapanda kitu."

"Kuja na jembe yako," Angèle alijibu, akasukuma mtumbwi.