Makapi kwenye Rejeta

Kila Jumamosi, kabla mikate ya mahindi haijaiva jikoni, Maryori aliosha gari la mama yake, Nohelia. Lilikuwa gari kuukuu lililo wazi nyuma, ambalo mama huyo alilitumia kubebea magunia ya kahawa na watu wa milima ya Quindío, nchini Kolombia. Siku hiyo Maryori alikuwa na haraka ya kwenda uwanjani. Alisugua milango mpaka ikang'aa, basi. Mama yake alipouliza kama amesafisha na rejeta, inayopoza maji ya injini, alijibu kwamba amesafisha.

Mpira haukuwa na wachezaji wa kutosha, kwa hiyo akaandamana na mama yake kwenda mjini. Walipofika katikati ya mlima, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Nohelia akaegesha, akazima injini. Maryori aliruka chini na chupa ya maji, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta.

"Toa mkono hapo," mama yake alisema. "Ukifungua sasa, hayo maji yatakurukia usoni."

Wakasubiri kando ya barabara. Abiria wao, Don Arcesio, mzee mwenye kuku wawili kapuni, alitania kwamba kuku wake watafika sokoni wameshachemka. Kisha akasema pampu ya maji imekufa, hakuna lingine. Nohelia alipiga hesabu kichwani. Pampu ikifa, gari litalala gereji, na watoto wa shule watapanda mlima huo kwa miguu wiki nzima.

Injini ilipopoa, Nohelia alifungua kifuniko kwa kitambaa. Maji yalikuwa tele. Alibonyeza mkanda wa feni, akauona umekaza. Chini ya gari hapakuwa na tone.

"Labda ni pampu kweli," akasema kwa unyonge.

Maryori akamsogelea. "Mama, rejeta sikuisafisha. Nilikudanganya."

Nohelia aliinama mbele ya gari, akachungulia. Makapi ya kahawa, yaliyokuwa yakipeperuka kutoka kwenye mashine ya kukobolea, yalikuwa yameziba rejeta nzima kama godoro. Upepo haukuwa na pa kupita.

Maryori alichota maji kwenye kijito kilichopita kando ya barabara, akayamwaga kutoka upande wa injini ili makapi yarudi yalikotoka. Yaliyong'ang'ania aliyachokoa kwa unyoya wa kuku aliopewa na Don Arcesio. Alirudia mpaka mwanga ukaonekana upande wa pili.

Safari hii mshale ulikaa katikati hadi kileleni.

"Kumbe pampu nimeiua mimi kwa mdomo," Don Arcesio akasema, wote wakacheka.

Kisha Nohelia akamgeukia binti yake. "Kusahau kazi ningekuelewa, mwanangu. Lakini uliposema umesafisha, nilikuamini, nikaacha kutazama mahali ambapo ningetazama kwanza. Tungefungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao haupo. Vizuri umesema mapema. Ukiulizwa, sema ulichofanya na ambacho hukufanya, ili mwenzako ajue pa kuanzia."

Maryori aliitikia kwa sauti ndogo. Mama yake akampapasa bega, akabadilisha gia, wakaanza kuteremka kuelekea mjini.