Viatu Vyeusi Mlangoni

"Mama, huyo mtu ni tapeli. Msahau."

"Tapeli kachukua nini?"

"Bado hajachukua, ndivyo wanavyoanza. Miezi mitatu Mwalimu hiki, Mwalimu kile, halafu siku ya kuja anayeyuka. Alikuomba kitu?"

Mwalimu aliweka kikombe chini. Alifundisha hesabu watoto wa watu kwa miaka thelathini na nne, na hakuna aliyewahi kumhoji namna hii, sembuse kifungua mimba wake mwenyewe, tena akiwa bado na sare zake za uuguzi.

"Aliniomba namba ya mguu," alisema.

"Namba ya nini?"

"Ya mguu. Kwamba navaa namba ngapi. Nikamwambia thelathini na tisa."

Binti akamtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona. Kisha akacheka, mama naye akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Maana ukweli ni kwamba Mwalimu alikuwa anaumia. Huyu huyu binti ndiye aliyemwandikisha kwenye mtandao wa watu wazima wanaotafuta wenzi. Huko alikutana na vituko. Mmoja alimwita "mrembo" kabla hata ya salamu. Mwingine aliweka picha ya ujanani, ana nywele ambazo bila shaka zilikwishamuaga zamani. Ndipo akaja Fundi, mgane, fundi viatu. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi:

"Habari za leo, mama. Nimeona umeandika hupendi kula peke yako. Hata mimi."

Basi wakaanza kula pamoja, kila mtu kwake. Ikifika saa saba mchana, simu inawekwa mezani karibu na sahani.

"Umeshakaa?"

"Nimekaa. Wewe umenawa?"

"Mwalimu, mimi si mwanafunzi wako."

"Umenawa, hujanawa?"

"Naenda kunawa."

Unaweza kuona ni upuuzi. Lakini kwa mtu aliyemzika mume akabaki na meza ya viti sita, si jambo dogo.

Siku ya kuonana ilipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Mwalimu. Chai ikapoa, ikapashwa moto, ikapoa tena. Fundi hakutokea wala hakupokea simu. Leo ilikuwa Jumanne.

"Ngoja nimwandikie mara ya mwisho," Mwalimu alisema.

"Mama!"

"Mara ya mwisho."

Akaandika: "Fundi, kama umebadili mawazo niambie tu. Mimi ni mtu mzima, sitalia."

Hapo alidanganya, lakini tumwachie. Binti alikuwa bado anatafuta mkoba wake aondoke, simu ikatetema.

"Mwalimu, nilikuja. Nilifika mpaka mlangoni kwako. Nikakuta viatu vya mwanaume, vyeusi, rangi bado mbichi. Mimi siingii nyumba ya mwenzangu. Yalishanikuta huko huko mtandaoni, mume wa mtu akanipigia simu. Msalimie mzee."

Mama na mwana wakageuka kwa pamoja kutazama mlangoni.

Pale kwenye mkeka wa kufutia miguu vilikaa viatu vya marehemu, vya kamba, pua zimeelekea nje. Alikuwa karani wa mahakama, mtu wa kuondoka nyumbani saa moja kamili kila siku. Alipofariki, jirani mmoja alishauri viachwe pale, mwizi akipita ajue ndani kuna mwanaume. Mwizi hakuja. Ila Mwalimu alizoea, na kila Jumamosi asubuhi alivipaka rangi na kuvisugua, kama alivyofanya katika miaka yote ya ndoa yao. Hata Jumamosi ile ya mgeni. Alivipaka, akavirudisha mkekani, akaingia jikoni kuchemsha chai.

"Yaani nimemfukuza mwenyewe," alisema. Akainuka, akachukua mfuko.

"Mama, unafanya nini?" Sauti ya binti ilibadilika. "Aje mtu, asije mtu, viatu vya baba havitoki hapo."

"Vitarudi."

"Unavipeleka wapi?"

"Baba yako alikuwa mtu wa mahakamani. Leo viatu vyake vinakwenda kutoa ushahidi."

Karakana ya Fundi, kama alivyowahi kumwelekeza simuni, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa kijani, harufu ya gundi tangu barabarani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, misumari midogo midomoni, anapigilia kisigino. Mafundi viatu hutazama mguu kwanza, uso baadaye. Akaona miguu ya mwanamke, akatema misumari kiganjani.

"Karibu mama. Soli imeachia?"

"Sina shida na soli. Nina shida na fundi."

Nyundo ilibaki hewani. Sauti ile alikula nayo mchana kwa miezi mitatu.

Mwalimu akavitoa viatu mfukoni, akaviweka mezani mbele yake.

"Mwalimu, mambo gani haya? Mwenyewe akijua umevileta kwangu..."

"Vigeuze."

"Mimi sitaki ugomvi na mtu."

"Fundi, nimesema vigeuze."

Sauti hiyo ilikwishanyamazisha madarasa ya watoto sitini. Fundi akavigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye soli, akakwangua udongo uliokuwa kwenye mshono, ukatoka unga. Akaingiza mkono ndani. Akajaribu kukikunja kiatu pale vidole vya mguu hukunjia, ngozi ikakataa, ikalia kwa ukavu. Akakilaza mapajani.

"Hiki kiatu hakijabeba mtu," alisema polepole. "Miaka."

"Minne, mwezi ujao."

"Juu kinang'aa."

"Juu nakipaka rangi mimi. Sina kingine ninachoweza kumfanyia, Fundi. Siwezi kumpikia, siwezi kumfulia. Kimebaki hicho."

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa aproni ambayo iliichafua zaidi.

"Miaka arobaini nawaambia wateja, ukitaka kukijua kiatu, kigeuze. Siku ile nikatazama juu tu, nikakimbia. Ulikuwa wivu, Mwalimu. Mzee wa miaka sitini na sita nimeshikwa na wivu mlangoni kwa watu. Nisamehe."

"Nilikungoja mpaka saa nane."

"Nisamehe."

"Nikadhani ulipita, ukaniona dirishani, ukaona nimezeeka."

Hapo alilia. Alilia amesimama, mfuko mtupu mkononi, na Fundi hakumwambia anyamaze. Alimsogezea kigoda chake, yeye akakaa juu ya ndoo.

"Basi baki navyo," Mwalimu alisema alipotulia. "Nimechoka kula peke yangu. Kama hivi ndivyo vinavyofukuza watu, vikae huku."

"Hapana."

"Fundi..."

"Nimesema hapana. Subiri nikuonyeshe kitu."

Akavuta droo ya chini kabisa ya meza. Akatoa kiatu kimoja cha wazi, cha kike, kimefungwa kwenye gazeti lililogeuka rangi. Gidamu yake, ule ukanda wa vidoleni, ilikuwa imekatika.

"Cha mke wangu. Alinipa nikishone, nikamwambia kesho. Kesho wateja wakajaa, nikamwambia kesho. Akawa ananitania, 'Kinyozi hajinyoi.' Wiki ya tatu akaugua. Nilimpeleka hospitali amevaa kandambili za bafuni, Mwalimu. Mke wa fundi viatu. Na hakurudi."

"Pole sana."

"Kushona hiki ni dakika kumi. Miaka sita sijaweza."

Mwalimu alikitazama kile kiatu, kisha akamtazama yeye.

"Uzi uko wapi?"

"Uzi wa nini?"

"Ahadi ni deni. Lete uzi."

"Atakivaa nani?"

"Hakuna. Kishone tu."

Tundu la sindano likamshinda Fundi mara mbili. Mwalimu akamnyang'anya, akatia uzi, akamrudishia. Akashona. Akafunga fundo la mwisho. Kisha Fundi akakifuta kile kiatu pande zote, akaanza kulia taratibu, na safari hii ni Mwalimu aliyengoja.

Baadaye Fundi alivichukua vile vyeusi, akavipaka mafuta ya ngozi ndani na nje, akavijaza karatasi visipoteze umbo.

"Virudishe mlangoni pako," alisema. "Kama mwenyewe alivumilia kusahihishwa na wewe miaka yote, mimi ni nani nimtoe?"

"Jumamosi, saa nne."

"Nitanawa kabisa huku huku."

Jumamosi binti alifika saa sita mchana, bila taarifa, amekuja kulinda nyumba ya baba yake. Alifika mlangoni akasimama. Kwenye mkeka, viatu vya baba vilikuwa pale pale, vinang'aa, vimeuchukua mkeka mzima. Kando yake, juu ya saruji tupu, kulikuwa na viatu vya kahawia vikubwa, vimejaa vumbi la njiani. Ndani alisikia vijiko, na sauti ya mama yake.

"Vinanibana kidogo huku mbele."

"Ngozi mpya hiyo. Ulisema thelathini na tisa, nami nikashona thelathini na tisa. Tembea, itakuzoea."

Kisha mama yake akacheka. Binti alitega sikio. Kicheko hicho hakuwa amekisikia tangu msiba.

"Mama!" aliita kutoka nje. "Huku kuna viatu vya wanaume wawili. Majirani watasema nini?"

"Wavigeuze!" Mwalimu alijibu. "Ingia ule, sahani yako ipo."

Binti hakuingia mara moja. Aliinama, akavishika viatu vya baba yake kwa mikono miwili, akavisogeza pembeni kidogo. Kisha akaviinua vile vya kahawia kutoka kwenye saruji na kuvipandisha mkekani.