Ekseli ya Mti Mbichi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vijifereji viwili katika uwanja wetu, karibu na mlango wa jikoni. Kila asubuhi nilifagia uwanja nikavifukia, na kila jioni vilikuwepo tena, mahali palepale. Nilidhani ni kuku. Lakini kuku hufukua popote, na vijifereji hivi vilikuwa vimenyooka kama vimechorwa.

Jioni moja, nikiwa nachambua majani ya maharage, nikamwona mdogo wangu Egide ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka saba. Alishika kamba ya katani kwa mikono miwili, macho yake yakitazama mbele, visigino vikikandamiza udongo. Akainama kushoto, akainama kulia, akakandamiza tena. Alikuwa anaendesha gari.

Niliogopa hata kukohoa, kwa sababu tangu Mama afariki sikuwa nimemwona Egide akicheza.

Mama aliugua muda mrefu. Nilikuwa darasa la tano alipoanza kushindwa kusimama, na Egide alikuwa bado ananyonya. Hakuna aliyeniambia niache shule. Siku moja nilibaki nyumbani kumwosha Mama na kumbeba mtoto, kesho yake nikabaki tena, na baadaye sare yangu ikawa kitambaa cha kushikia sufuria. Baba yetu, Onesphore, alikuwa shambani na tumbaku yake kuanzia alfajiri. Yeye ni mtu wa maneno machache, na mimi ni mwoga wa kusema, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa kimya sana.

Hapa Katumba, wavulana huwa na mashindano ya magari ya mbao kila Jumamosi, tangu mvua zinapopungua mpaka zinaporudi. Barabara ya changarawe inashuka kutoka kanisani, inapinda kwenye shamba la mihogo, halafu inanyooka mpaka darajani. Magari hayo wanayatengeneza wenyewe: ubao wa kukalia, magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, ekseli mbili za mti, na kamba ya kuongozea. Sheria yao ni moja. Mwenye gari ndiye anayeendesha. Asiye na gari anasukuma.

Kesho yake nilimpeleka Egide kwa Anicet, kijana wa miaka kumi na minne ambaye wenzake walimwita Kapteni.

"Anataka kuanza," nilisema, nikitazama chini.

Anicet alimzunguka Egide kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Dada Donatille, huyu akipanda, watu watadhani gari limeshuka lenyewe bila dereva!"

Wenzake wakacheka. Mmoja akaongeza, "Dereva mwenyewe bado anafungwa vifungo na dada yake!"

Egide hakulia. Akauliza, "Nikiwa na gari langu?"

"Ukiwa na gari lako, sha, rafiki yangu, nani atakuzuia?" Anicet akasema, safari hii bila kucheka. "Lakini kwanza utasukuma. Kila mtu hapa alianza kwa kusukuma."

Egide akasukuma. Jumamosi baada ya Jumamosi alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaomba aongezewe ugali. Mimi nilimwokotea vipande vya tairi. Fundi Lyamba, seremala wa pale sokoni, akamkatia magurudumu. Yeye ndiye aliyetengeneza jeneza la Mama, na tangu siku ile hakuweza kumnyima Egide kitu. Akampa pia vipande viwili vya mti wa mtundu vya kutengenezea ekseli.

"Sikiliza, dereva," Fundi Lyamba alimwambia. "Mti huu umekatwa juzi, bado mbichi. Uweke juu darini, kivulini, usiuguse mpaka kiangazi kiishe. Mti haukaushwi kwa mabavu. Umeelewa?"

"Ndiyo, Fundi."

"Na ukianza, jifunze kwanza kusimama. Kwenda hakuna kazi, mlima utakupeleka."

Jioni ile Egide alimwambia Baba habari za gari. Baba alinawa mikono, akakaa, akafikiri.

"Mwezi ujao tunaganduka," akasema. "Tukishaganduka, utacheza. Siyo kabla."

Kuganduka ni siku ya kumaliza msiba. Wazee wetu waliotoka Burundi walikuja na desturi hiyo, na sisi tuliozaliwa hapa bado tunaifuata. Mtu akifa, familia inakaa katika msiba karibu mwaka mzima. Siku ya kuganduka ndugu wanakuja, wanakula pamoja, wanamkumbuka marehemu, kisha maisha yanaendelea: anayetaka kuoa anaoa, anayetaka kucheza ngoma anacheza.

"Tukishaganduka, Mama atakuwa wapi?" Egide akauliza.

Shangazi yetu Immaculata, aliyekuwa amekuja kusaidia maandalizi, akajibu haraka huku akipepeta mchele, "Atakuwa amepumzika, mwanangu. Tutakuwa tumemwachia aende."

Egide akanyamaza. Nilimwona akinyamaza, nikadhani ameridhika.

Siku zile tulikuwa tunakausha tumbaku ya mwisho. Bani letu liko nyuma ya nyumba, kibanda kirefu cha udongo kisicho na madirisha. Majani hufungwa kwenye fito, fito hupangwa ndani safu juu ya safu, na moto hukaa tanurini usiku na mchana mpaka jani lililoingia kijani linatoka na rangi ya dhahabu. Egide alikuwa hodari wa kupitisha fito mlangoni. Hakuna aliyeona ajabu alipoingia na kutoka.

Jumamosi ya wiki iliyotangulia kuganduka, nilikuwa kisimani niliposikia watoto wakipiga kelele barabarani. Siyo kelele za furaha. Niliacha ndoo, nikakimbia.

Egide alikuwa amelala kando ya shamba la mihogo. Gari lake, ambalo sikujua kama limekwisha kutengenezwa, lilikuwa limepinduka, na gurudumu moja lilikuwa mbali kule mtaroni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Damu ilimtoka kichwani. Alinitazama, lakini hakulia, na kule kutolia ndiko kulikoniogopesha. Mama naye hakulia siku yake ya mwisho.

Anicet ndiye aliyembeba mpaka zahanati. Baba alifika mbio, mikono yake ikinata utomvu wa tumbaku, akamwona Anicet na damu kwenye shati.

"Umemgonga mwanangu!"

"Sijamgusa, baba. Naapa. Nilikuwa nyuma yake."

"Mtoto wa miaka saba anaanguka mwenyewe?" Baba akamgeukia Egide. "Nani amekusukuma?"

Egide akafumba macho. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Baba akakichukua kile kimya kuwa jibu. Akamfukuza Anicet pale, na jioni mama yake Anicet akamkataza kabisa kushika gari tena. Tulipelekwa hospitali Mpanda. Mkono wa Egide ukafungwa plasta ngumu, kichwa kikashonwa. Daktari alisema angeangukia jiwe upande wa pili, tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Baba alitoka nje, akasimama ameshika ukuta. Sikuwahi kumwona hivyo, hata kwenye mazishi ya Mama.

Tuliporudi, mtu alikuwa ameliweka gari lililovunjika uwanjani kwetu, karibu na ile ndoo. Baba alitaka kulichoma. Aliokota kipande cha ekseli, akainua mkono ili akitupe tanurini, kisha akasimama. Akakileta puani.

Akakinusa tena, taratibu. Akakigeuza. Nje kilikuwa kikavu na cheusi kidogo, lakini pale kilipovunjika niliona nyufa nyingi nyembamba, zimetoka kwenye moyo wa mti kama miale.

"Donatille, huu ulikaa wapi?"

"Darini, Baba. Fundi alisema ukae darini."

"Njoo unuse."

Nilinusa. Ulinukia tumbaku.

Baba aliingia ndani, akakaa kwenye mkeka alipolala Egide. Hakupaza sauti. "Mwanangu, uliuweka banini?"

Egide akatazama plasta yake. "Tumbaku inaingia mbichi, Baba, wiki haiishi inatoka kavu. Nikafunga pamoja na fito. Nikadhani na mti ni hivyo hivyo."

"Na Anicet?"

"Hakunigusa." Sasa machozi yakaja, yote ambayo hayakuja barabarani. "Alinikataza. Alisema ekseli inalia, nisishuke. Mimi nikashuka."

"Kwa nini? Nilikwambia tukishaganduka utacheza. Zilikuwa zimebaki siku chache tu."

"Mama aliniambia nikiwa dereva atasimama darajani anione. Na shangazi alisema tukishaganduka Mama anaenda. Nilitaka anione kabla hajaenda."

Shangazi Immaculata, aliyekuwa mlangoni, akafunika mdomo kwa kanga. Baba akaweka ile ekseli chini. Akamvuta Egide, akaangalia asiuguse mkono mbovu, akamkumbatia, na wote wawili wakalia. Mimi nilienda jikoni kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Asubuhi Baba alimchukua Egide mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, wakaenda kwa kina Anicet. Nilifuata nyuma. Baba alivua kofia mbele ya kijana yule.

"Nilikusingizia, Anicet. Ulimbeba mwanangu, mimi nikakufukuza. Nisamehe."

Anicet aliona aibu kuliko sisi. "Yamekwisha, baba."

Baba akamtikisa Egide kidogo mgongoni. Egide akasema, "Nisamehe, Kapteni. Nilinyamaza, ukaadhibiwa kwa ajili yangu."

"Ulikuwa na maumivu," Anicet akasema. Kisha akaongeza, "Lakini ukinyamaza tena hivyo nitakusukuma kweli."

Egide akacheka. Kicheko kidogo, chenye kamasi.

Tuliganduka Jumapili iliyofuata. Ndugu walikuja kutoka vijiji vingine vya Katumba, wengine kutoka Kabungu. Walipomaliza kula, Baba alimweka Egide mapajani mbele ya watu wote.

"Mwanangu, Mama haendi mbali na wewe," akasema. "Tunachomaliza leo ni msiba. Mama yako hatummalizi. Mwakani atakuona, na mwaka mwingine pia. Huna haja ya kumkimbilia." Kisha akawageukia watoto wengine waliokaa chini, midomo ikiwa na mafuta ya pilau. "Na nyie sikieni. Jani la tumbaku ni jembamba, moto unapita. Mti ni mnene. Ukiuharakisha kwa moto, nje unakauka na kukudanganya, kumbe ndani umepasuka. Siku ukiuwekea uzito, unakatika. Mtoto naye ni hivyo. Kila kibichi kipewe muda wake. Na mkikosea, semeni mapema. Kimya cha mtu mmoja kinamwangukia mwenzake."

Wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la vyombo. Maneno yale yalinigusa mahali, nikataka kusema kitu, lakini watu walikuwa wengi. Nikaenda kuosha vyombo.

Fundi Lyamba alileta mti mwingine. Egide aliupandisha darini mwenyewe kwa mkono mmoja. Kiangazi chote hakuugusa. Plasta ilipotolewa, alirudi kusukuma. Halafu Anicet akamkalisha nyuma yake na kumfundisha breki: kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa kisigino. Kila walipopita kwenye mpindo wa mihogo, nilimsikia Anicet akipiga kelele, "Simama! Sasa nenda. Simama tena!" Baba akaazima kofia ngumu ya mwendesha bodaboda mmoja, tukaijaza matambara ndani ili imkae.

Joto la Oktoba lilipokuja, kabla ya mvua, Fundi Lyamba aliugonga ule mti kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Sasa." Wakachonga ekseli.

Jumamosi iliyofuata mimi na Baba tulisimama darajani, mahali ambapo Mama aliahidi kusimama. Egide alionekana juu kanisani, mdogo sana, kofia kubwa kuliko mabega. Akashuka. Kwenye mpindo alikanyaga breki, akainama kushoto, akapita. Alikuwa wa mwisho. Wenzake walishafika na kugeuza magari yao, lakini walimngoja, na Anicet akapiga filimbi kama ameshinda yeye.

Egide hakututazama. Alitazama kando yetu kidogo, mahali palipokuwa wazi, akainua mkono.

Baba alipangusa uso. "Umeona?" akasema. "Kila kibichi kina muda wake. Huyu tungemharakisha tungempoteza."

Nilitazama maji chini ya daraja. Moyo ulinidunda kama mimi ndiye niliyetoka mlimani. Maneno niliyotaka kusema nilikuwa nimeyabeba tangu nilipoacha shule, nikifagia nayo, nikipika nayo, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Baba," nikasema, "hata mimi nilikuwa bado mbichi."