Baba Asiyempakata Mwanawe

"Sema mbele ya kaka yangu, Swabir! Huyu mtoto ni wako au si wako?"

Mwanarusi alikuwa amesimama uani kwao Gazi, Husna wa miezi kumi begani. Kaka yake, Matano, alikuwa ametoka Kikoneni asubuhi ile kuja kumchukua. Tangu mtoto atoke arubaini, Swabir hakumpakata tena. Alihamia chumba cha uani. Visu vya jikoni alivifungia sandukuni. Majirani walishaamua: mwanamume anaishuku damu yake.

"Ni wangu," Swabir alijibu, macho chini.

"Basi mpakate!"

Mwanarusi alipomsogezea mtoto, Swabir alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Jasho lilimtiririka.

"Muondoe! Mwanarusi, nakuomba kwa Mungu, muondoe!"

Akatoka mbio.

"Umejionea mwenyewe," Matano alisema. "Kusanya nguo zako, dada. Huyu hakutaki."

Mwanarusi alikuwa akikunja kanga huku machozi yakimtoka, ndipo ujumbe wa Swabir ukaingia kwenye simu:

"Nenda na kaka yako. Msirudi. Mtoto akiwa mbali nami atakuwa salama."

Salama? Aliusoma mara tatu, kisha akampigia.

"Salama na nini, Swabir?"

Alijibiwa kwa kilio. Miaka sita ya ndoa, hakuwahi kumsikia mumewe akilia.

"Salama na mimi. Kila nikimwona, kichwani inanijia picha kwamba nimemzamisha majini. Nikiona kisu, ndiyo mbaya zaidi, siwezi hata kuitamka. Sitaki, wallahi sitaki! Nasoma dua, nahesabu mpaka mia, naanza upya. Picha zinarudi."

Mwanarusi alikaa kitandani, akamkumbatia Husna kwa hofu. Alikuwa amejiandaa kusikia jina la mwanamke mwingine. Hili hakujua hata pa kuliweka.

"Uko wapi?"

"Kazini kitaluni, kwenye miche ya mikoko."

Alimwachia kaka yake mtoto, akaenda. Alimkuta mumewe amekaa chini baina ya miche, bahasha kubwa mapajani.

"Natibiwa, Mwanarusi. Zile semina nilizokuwa nikikuaga kwamba naziendea, nilikuwa nakwenda kwa daktari. Dawa ya kwanza nilimeza miezi mitatu, haikunifaa. Ya pili vilevile. Wiki iliyopita nikapigwa picha ya ubongo Mombasa. Nilitamani waone uvimbe. Nilitamani kabisa! Wakaniambia ubongo ni mzima." Aliigonga bahasha ile ya picha. "Kama ubongo ni mzima, basi mwovu ni mimi."

"Miezi yote hii umeniacha nisemwe kwamba nimezaa nje, nawe unajua!"

"Niliogopa utanikimbia."

"Si ndivyo nilivyokuwa nikifanya saa hii?"

Jioni Matano alirudi Kikoneni peke yake. Asubuhi yake Mwanarusi na Swabir walikuwa Msambweni, mbele ya Daktari Sidi aliyekuwa akimtibu Swabir. Mwanarusi hakuzunguka.

"Daktari, mume wangu ataniulia mtoto?"

"Nimemchunguza kwa muda mrefu, na sioni dalili hiyo. Wazo hili linamtesa kwa sababu linapingana na anayoyataka. Hayo ndiyo maradhi yenyewe: mawazo yanayojilazimisha kichwani."

"Mbona picha imetoka safi?"

"Picha ile hutafuta uvimbe au jeraha. Tofauti za ubongo katika maradhi haya ni ndogo mno. Watafiti huziona wakilinganisha ubongo wa watu wengi kwa pamoja, katika njia zinazounganisha sehemu ya mbele na sehemu za ndani. Kengele ya hatari inalia, kuizima ndiko kugumu. Na wapo wanaodhani tofauti hizo ndizo zinazofanya dawa zigome kwa baadhi ya watu. Lakini hakuna picha moja inayoweza kuniambia kama mtu ni mwovu."

Swabir aliinua uso. Mwanarusi alikuwa ameziba mdomo kwa buibui.

"Dawa mbili kushindwa si mwisho," daktari aliendelea. "Tutabadilisha dawa, na tutaanza mazoezi. Utakaa karibu na mwanao. Wazo likija, usikimbie, usihesabu, usisome dua ya kulifukuza; kila ukilifukuza linapata nguvu."

Walianza na dakika moja mkekani. Siku ya nne Husna alitambaa mwenyewe, akapanda mapajani kwa baba yake, akamvuta ndevu. Swabir alifumba macho.

"Limekuja?" Mwanarusi aliuliza, akisogea karibu.

"Limekuja."

"Nimchukue?"

"Muache."

Simu ya Mwanarusi ililia. Alikuwa Matano.

"Dada, nije lini kukuchukua?"

Mwanarusi alimtazama mumewe: macho yamefumbwa, midomo imekauka, mikono miwili imemzunguka mtoto.

"Usije kunichukua, kaka. Hajapona, na sijui atapona lini. Lakini mimi siendi popote."