Mkono wa Pedali Uliotoka Topeni

Cheka. Cheka hadi ukohoe. Ulikwenda shule ukaambiwa chuma ni chuma, ukadhani umemaliza kujua. Sikiliza kwanza, halafu ucheke ukiwa peke yako ndani ya nyumba.

Jioni hiyo Barwaqo alitoka kwake mtaa wa Waberi na kibuyu cha maziwa ya ngamia, kumpelekea Guled, mtoto wa marehemu kaka yake. Ulikuwa mwaka wa El Nino. Mto umemeza mashamba, barabara ya Nairobi imekatika, na Garissa yote imekaa ndani ya maji kama kuku ndani ya tenga.

Guled alikuwa mwendesha baiskeli. Si wa kubeba mitungi, wa mashindano. Akishinda yale ya mkoa, timu ya Nairobi ingemchukua, na hakuwa na ndoto nyingine. Baiskeli aliivisha kuliko alivyojivisha mwenyewe: rimu nyepesi, gia mpya, cheni inayong'aa kama bangili za bibi harusi. Kilichobaki ni kipima nguvu, kile kinachomwambia mtu mguu wake unasukuma kiasi gani.

Korane, fundi wa sokoni, alimwagizia cha kufungwa kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Kikakwama ng'ambo ya maji. Wakati wa kungoja, Guled akaokota kingine ukingoni mwa mto, kimezama topeni: mkono wa pedali wenye kipimo ndani yake, pamoja na kioo chake kidogo cha namba. Baiskeli hakuna. Mtu hakuna.

"Hicho kina mwenyewe," Korane alimwambia. "Tangaza msikitini. Ngoja changu."

"Chako kinapima gurudumu. Hiki kinapima mguu wenyewe."

Hakutangaza. Mtoto wa wafugaji! Anajua vizuri kwamba ngamia aliyepotea akiingia zizini mwako unamtunza na kumtangaza, humpigi chapa. Ukimpiga chapa, mwenyewe akija huondoka na wake, na mmoja wako juu yake. Guled akachukua msumari, akachora kwenye chuma kile chapa ya ngamia wa kwao: duara lenye mkia. Akaja kumwonyesha shangazi yake, meno yote nje. Barwaqo akamwita mpumbavu. Akaishia hapo.

Sasa alisukuma mlango wa chumba cha Guled.

"Assalamu aleikum."

Cheni tu… tss… tss… tss…

Baiskeli ilikuwa juu ya stendi aliyoichomelea Korane, gurudumu la nyuma likizunguka hewani, ili kijana afanye mazoezi ndani wakati njia ni tope. Guled alikuwa juu yake. Anakanyaga. Midomo imepasuka. Na chumba kinanuka… tope la mto, na ngozi iliyoungua.

"Shuka unywe maziwa, farasi wewe."

"Siwezi, Eddo." Ndivyo alivyomwita shangazi.

"Huwezi nini? Miguu ni yako."

"Tangu asubuhi, Eddo. Nikilegeza, yeye anakaza."

"Nani?"

Guled alitupa macho nyuma ya tandiko. Pale chini sakafu ilikuwa imelowa, na tone lingine likaanguka. Paa lilikuwa kavu.

Barwaqo hakuwa mtu wa kupiga mayowe. Alishika mguu wa kijana akauvuta. Haukufungwa na kitu, ni ndala tu juu ya pedali. Akaikata ndala kwa kisu. Ndala ikaanguka.

Mguu ukabaki.

"Ni ile chapa," akasema. "Tupa yako iko wapi?"

Akaikamata tupa, akaukwangua ule mkono wa pedali ukizunguka, vidole vikichubuka, Bismillah juu ya Bismillah. Duara likafutika. Mkia ukafutika. Chuma kikabaki cheupe.

Guled akalia kama ndama.

Barwaqo akatazama. Kwenye muundi wa kijana, nyama mbichi, bado inafuka moshi…

Duara lenye mkia.

"Subhanallah."

"Anasema wake amemwona," Guled akanong'ona. Macho hayakuwa yakimwona tena shangazi. "Anasema… sasa anataka na mmoja wetu juu yake."

"Mwambie aseme na mimi."

"Ameshakuona, Eddo. Chapa ni ya kwetu sote."

Kwenye usukani, zile namba za kioo zilizokuwa zimeganda kutwa nzima zikaanza kupanda. Miguu ya Guled haikuongeza kitu. Zilipanda tu, kana kwamba wanaokanyaga sasa ni wawili. Barwaqo akahisi joto kwenye muundi. Akainua upindo wa gauni.

Kisigino chake cha kulia kilikuwa kinapanda na kushuka. Taratibu. Sawasawa na pedali.

Akaukandamiza mguu kwa mikono miwili. Ukapanda nayo.

"Toka, Eddo. Toka kabla hajaushika na mguu wa pili."

"Nikuache?"

"Unipe maziwa kwanza."

Akamwekea kibuyu mdomoni. Alikunywa akikanyaga, nusu ikamwagika kifuani. Akampangusa kwa ncha ya shela, kama alivyompangusa alipokuwa mtoto. Namba zikapanda tena. Nyuma ya tandiko, kitu kikavuta pumzi.

Barwaqo hakusema kwaheri. Aliuburura mguu wake hadi nje, ukikanyaga hewa, na akaufunga mlango.