Siku Isiponuka

Siku ya kwanza alipoingia sokoni, watu walimpisha kama apishwavyo mwenye ndui. Fundi cherehani akainua uso, akaona mwanamume mrefu, ovaroli imepasuka gotini, ananuka kapu zima la mayai viza.

"Kaka, umeatamia tangu lini?"

Akacheka. Akamweleza kwamba wanachimba mvuke wa ardhini ili uzungushe mitambo ya umeme wa nchi nzima, na mvuke huo hutoka na gesi yake. "Ikinuka, dada, shukuru. Ikizidi huua pua kwanza, kisha mwenye pua. Siku isiponuka, kimbia."

Sokoni wakambatiza Mvuke. Fundi akampenda, na tangu hapo hakukaa raha: kila gari la wagonjwa likipita, sindano ilimchoma kidole.

Siku ya kutambulishwa nyumbani, Mvuke alioga mara tatu, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Hata hivyo shangazi wa fundi alifungua madirisha yote, akasema mapenzi huenda hayana macho, lakini yeye bado ana pua. Kwa aibu, fundi akatamka asilolikusudia: Mvuke asirudi mpaka harufu imtoke.

Mvuke akaondoka. Wiki mbili simu haikulia.

Adhuhuri moja ikalia.

"Mpenzi." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mwenye usingizi. "Asubuhi nzima kisima cha mvuke kilinuka, sasa hata chembe. Leo nakuja kwa shangazi nikiwa safi."

Mguu wa fundi ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. "Uko wapi?"

"Shimoni, kwenye vali. Nakaza nati ya mwisho."

"Kipimo chako cha gesi?"

"Kiko kwenye chaji. Mbona wanihoji kama polisi?"

"Panda ngazi. Acha nati, acha kila kitu, panda."

Akasikia buti juu ya chuma, moja, mbili, ya tatu ikateleza. Kisha kishindo, na simu ikabaki inavuma upepo mtupu. Alipiga tena na tena mpaka vidole vikamfa ganzi. Hakuna aliyepokea.

Jioni mlango ukabishwa. Mvuke alisimama kizingitini na ovaroli yake, macho mekundu, mkono umefungwa bandeji. Nyumba nzima ikajaa harufu.

"Wenzangu walisikia kishindo wakanitoa. Zahanati wameniachia sasa hivi," alisema. "Samahani, sijaoga."

Fundi akazika uso shingoni mwake, akavuta pumzi ndefu kama mwenye kiu anywavyo maji.

"Nioe unanuka hivi hivi."

Shangazi, aliyekwisha kushika komeo la dirisha, akaliachia.