Mwanasesere wa Juni

"Huyu siwezi kukuuzia kabla sijakwambia kitu, Kiyotaka."

Nilidhani Mzee Tokuda ananitania. Miaka minne nimepanda ngazi za duka lake la wanasesere pale Nipponbashi, Osaka, na miaka minne nimeshuka mikono mitupu. Leo mwanasesere wa Binti Mfalme Tsuyuha, yule wa Juni, yuko mbele yangu ndani ya kabati la kioo, kimono ya samawati, mwavuli wa karatasi mkononi, boksi halijafunguliwa hata mara moja.

"Kuna mtu kamwekea oda?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Sasa?"

Mzee akavua glavu zake nyeupe taratibu. "Aliyeniuzia ni mchumba wako."

"Natsuno? Mzee, Natsuno ndiye anayemtafuta."

"Alikuja Jumanne. Sheria inanitaka niandike jina la kila anayeniuzia, nikamwomba kitambulisho ingawa namjua. Na si mara ya kwanza. Mwaka juzi aliniletea wa Juni mwingine, mteja akamchukua siku hiyo hiyo. Nikanyamaza, nikasema ya wawili hayanihusu. Lakini leo nikikuacha umpelekee huku unachekelea, nitakuwa nimekuchezea shere."

Nikamnunua hivyo hivyo.

Ngoja niwaambie kwa nini habari hiyo iliniuma. Natsuno alikuwa na mdogo wake, Honoka. Wakiwa wasichana walipenda katuni ya Tsuyuha, wakaanza kukusanya wanasesere wake kumi na wawili, kila mmoja na vazi la mwezi wake. Honoka akafariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka kumi na minane. Natsuno akaahidi mbele ya picha yake: atatimiza kumi na wawili, atawapeleka hekaluni wasomewe sala na kuchomwa, kama tunavyowaaga wanasesere kwetu, ndipo ataanza maisha yake.

Nilipomposa aliniambia, "Nakupenda, Kiyo. Nisubiri nimpate wa Juni tu."

Nikasubiri. Mimi fundi lifti, Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala, nimezimaliza kwenye masoko ya mitumba ya Kobe na Nagoya. Nilikwenda hadi Hiroshima kwa mtu aliyeapa kwamba anaye. Nikakuta wa Julai.

Nikiwa kituo cha treni nikamwandikia: "Upo nyumbani?"

"Nipo. Nimechemsha tambi, njoo ule. Mbona umekuja kunikumbuka mchana?"

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, nikamfunika yule mwanasesere kwa koti langu nikalowa mimi.

Nilipoweka boksi mezani, Natsuno alishika mdomo. "Umempata," akasema. "Siamini macho yangu, Kiyo. Umempata."

Kilichoniuma ni jinsi alivyoigiza vizuri.

"Mzee Tokuda kaniambia," nikasema.

Akakaa. Hakubisha, hakulia.

"Kama hunitaki ungesema, Natsuno. Ningeumia, ningepona. Mimi si mtoto."

"Nakutaka."

"Mtu anayenitaka anizungushe miaka minne? Nimepanga foleni kwenye baridi hadi masikio yamekufa ganzi, na wewe unampata unamrudisha dukani? Mara mbili?"

"Mara tatu. Mmoja nilimuuza Kyoto."

Nikacheka, kicheko kibaya. "Ahsante kwa ukweli."

"Siku wakitimia lazima niwapeleke hekaluni," akasema. "Wachomwe. Niliahidi."

"Si ndivyo ulivyotaka mwenyewe?"

"Ndivyo. Halafu baada ya hapo nani atamtaja?" Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Mama hatamki jina lake. Baba nikilianza anatoka chumbani. Anatajwa madukani tu, Kiyo. Naingia, muuzaji ananiuliza, dada, unamtafutia nani? Nasema, mdogo wangu, Honoka. Ananiuliza, alimpenda yupi zaidi? Watu baki wananiuliza. Wewe umebeba maboksi miaka minne, hujaniuliza hata siku moja alikuwa mtu wa namna gani."

"Nilikuwa nakustahi. Niliona nitakutonesha kidonda."

"Najua. Wote mnanistahi. Nimestahiwa hadi nimebaki naye peke yangu."

Hapo hasira yangu ilikosa pa kushika. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwa ule ukimya. Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake nilikwenda kaburini na Natsuno, nikamwaga maji juu ya jiwe la kaburi, nikawasha ubani, nikainamisha kichwa, nikarudi nyumbani bila kuuliza kitu. Niliita hayo mapenzi. Nilimwonea aibu yule mzee wa duka, aliyemjua marehemu kuliko mimi.

Nikavuta kiti karibu yake.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Natsuno aliniangalia kama anayepima iwapo nauliza kweli au naziba pengo.

"Mwongo," akasema hatimaye. "Mwongo wa kutupwa. Hawa wanasesere waliuzwa kwa bahati nasibu, unatuma postikadi moja kwa kila jina. Yeye alituma kwa majina ya mtaa mzima. Wa Machi tulimpata kwa jina la mbwa wa jirani."

"Mbwa?"

"Mtu wa posta alikuja na kifurushi, anamwulizia bwana nani sijui. Honoka akamwambia, yuko nyuma anakula."

Tukacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Natsuno akaanza kulia. Sikumwambia anyamaze.

Kisha akachukua simu, akampigia mama yake na kuifungulia spika.

"Mama, wa Juni amepatikana. Jumapili nawapeleka hekaluni. Mama, yule mbwa wa jirani, ambaye Honoka alimwandikia postikadi, alikuwa anaitwa nani?"

Nilisikia mvua ya upande wetu na mvua ya upande wao.

"Mama?"

"Gonta," sauti ikajibu, imepasuka. "Gonta Nishio. Mdogo wako alimpa na jina la ukoo kabisa. Mimi ndiye niliyemnunulia stempu, Natsuno. Sijawahi kumwambia baba yako."

Walizungumza hadi tambi zikavimba kwenye bakuli. Mama alilitaja jina la Honoka mara nyingi, kila mara akisikika kulizoea kidogo zaidi. Mwisho Natsuno akamwambia, "Tunahitaji mashahidi wawili kwenye fomu ya ndoa. Utatia sahihi?"

"Nitatia. Na baba yako nitamkalisha mimi hapa, hatoki chumbani safari hii."

Jumapili tuliwakabidhi wote kumi na wawili. Natsuno alishikilia wa Juni hadi mwisho, akamweka mikononi mwa kasisi, akarudi kusimama kati ya wazazi wake. Moto ulipowaka, baba yake, mtu ambaye sijamsikia akisema maneno kumi mfululizo, aliniinamia sikioni.

"Wewe hukumkuta Honoka," akaniambia. "Njoo siku moja nikusimulie."